Nyumba yangu, kiwanja chako: Ng'ambo ya Unguja ukiitazama kutoka Ibra



Siku hizi kila anayeandika juu ya miji yetu ya Afrika ya Mashariki lazima alitie neno "holela". Makazi holela, ujenzi holela, biashara holela. Neno lenyewe linanikera kidogo. Mtu akilisikia anadhani watu walilala, wakaamka asubuhi wakakuta vibanda vimeota kama uyoga, hapana aliyeuliza wala aliyejibu. Leo nataka kuelezea mtaa mmoja ninaoujua, Ng'ambo ya Unguja, na nitaanzia mahali ambapo pengine hamkupategemea: hapa Ibra, Sharqiya, mwendo wa kama saa moja na nusu kwa gari kutoka Maskati. Mie si mtaalamu wa mipango miji. Nilikuwa mwalimu wa historia, nimeshastaafu, na jambo hili nimelifikia kwa sababu ya daftari.

Daftari lilikuwa ndani ya kasha la bati la ami yangu. Alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, wanawe waliniita nyumbani kwao Sufala niwasomee makaratasi, kwani wao Kiswahili wanakisema lakini kukisoma kwa herufi za Kiarabu hawawezi. Walichotaka kujua ni kimoja tu: "Ami, tuna nini Unguja?" Ndani ya kasha mlikuwa na hati moja ya kiwanja cha Ng'ambo, imetiwa mihuri mpaka inapendeza, na daftari la babu yangu la watu waliojenga juu ya kiwanja hicho. Vijana waliishika hati. Mie nikalishika daftari, na tangu siku ile sijaliweka chini.

Kwanza niseme kidogo namna watu wa Ibra walivyopata viwanja Unguja, kwani wasomaji wetu wa bara huenda hawajui. Ukija Ibra leo ukapita Manzafa, utaona majumba ya zamani yenye matao na milango ya nakshi, mengine yameshaporomoka nusu. Fedha iliyojenga majumba yale nyingi ilitoka Afrika. Maharthi, na Mabarwani ambao ni tawi lao, walikuwa Unguja kabla Seyyid Said hajahamia huko, na hawakuwa raia wepesi. Mwaka 1859 walisimama na Seyyid Barghash dhidi ya nduguye Seyyid Majid. Wengine waliingia bara. Richard Burton alipofika Kazeh, yaani Tabora, mwaka 1857, alipokewa na Snay bin Amir, Mharthi, ambaye alianza maisha yake akiuza halwa Maskati na sasa alikuwa tajiri wa pembe na watumwa. Muuza halwa! Na tusijifiche nyuma ya pembe: watumwa walikuwamo katika utajiri ule. Daftari la babu yangu huwezi kulisoma sawasawa kama hilo hulikubali tangu mwanzo.

Sasa Ng'ambo. Mji wa Unguja wa mawe ulikuwa umezungukwa na bahari pande zote isipokuwa shingo nyembamba ya nchi, na upande wa mashariki palikuwa na hori, maji yakijaa na kupwa. Ng'ambo ya hori, ndiyo Ng'ambo. Palipokuwa na daraja tunapaita Darajani mpaka leo, ingawa hori lilifukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20 na sasa mtu anapita juu yake kwa daladala wala hajui. Walioishi ng'ambo ile walikuwa mafundi, wachukuzi, mabaharia, Wangazija, watu wa Manyema, watu wa mashamba waliokuja kutafuta kazi, na watumwa pamoja na walioachwa huru. Baada ya amri ya mwaka 1897 iliyofuta utumwa kisheria Unguja na Pemba, wengi walitoka mashamba wakaja mjini. Walihitaji pa kulaza ubavu.

Walijengaje? Hapa ndipo "holela" inapokufa. Mtu hakuchukua fito na makuti akajenga anapopenda. Alikwenda kwa mwenye kiwanja, au alipelekwa na mtu anayejulikana kwa mwenye kiwanja, akaombewa. "Huyu ni mtu wangu, mpe pa kukaa." Basi. Mashahidi ni waliokaa barazani siku hiyo. Alijenga kibanda cha udongo na boriti, akaezeka, na kibanda kikawa chake: aliweza kukiuza, kukirithisha, kukiweka rehani. Kiwanja kilibaki cha mwenyewe. Viwanja vingine vilikuwa vya wakf, mwenye mali ameviweka ili watu wake na wazawa wao wapate pa kukaa. Mambo haya Laura Fair aliyaandika vizuri katika kitabu chake cha 2001, na Garth Myers naye mwaka 2003, kwa hiyo siyarudii yote. Muhimu ni kwamba kwa miaka mingi wengi wa waliojenga hawakulipa kitu, au walilipa kwa heshima: kuja siku ya Idi, kusaidia kwenye harusi na msiba wa mwenye kiwanja, kumwitikia akiita.

Mzungu alipoona nyumba ya mtu mmoja imesimama juu ya ardhi ya mtu mwengine kichwa kilimuuma. Lakini kwa mtu wa Ibra ajabu yake ni nini? Huku kwetu tumekulia kwenye falaji. Maji ya falaji yana wenyewe, na si lazima wawe ndio wenye ardhi. Mtu anaweza kuwa hana hata shubiri moja ya shamba lakini ana athar zake mbili za maji, kila athar kama nusu saa hivi, anazikodisha, anaziuza, anazirithisha, anaziweka wakf kwa msikiti. Wakati ulipimwa kwa kivuli mchana na kwa nyota usiku, na aliyejua zamu ya nani inafuata ni wakili wa falaji na wazee waliokaa hapo. Na Unguja vilevile mnazi ulikuwa na mwenyewe mbali na ardhi uliposimama. Haya ni mawazo yangu, sikuyaona kitabuni, lakini n'naona babu yangu alipomruhusu mpishi wa jirani yake ajenge chini ya mwembe wake hakuona kwamba anafanya jambo lisilo na utaratibu. Kwake huo ndio ulikuwa utaratibu.

Nisiupambe mno, lakini. Utaratibu ule ulimwingiza mtu mjini, ndiyo, ila ulimwingiza kwa mlango wa mtu mwengine. Katika kurasa za mwanzo za daftari, watu wengi hawana majina ya baba zao. Kuna "fundi makuti", kuna "mjane wa mchukuzi", kuna "mtu wa" fulani na "mtu wa" fulani. Mbele ya majina hapana hesabu yoyote, pako patupu. Zamani nilipokuwa kijana ningesema: tazama ukarimu wa babu. Sasa patupu pale panan'tisha kidogo, kwa sababu asiyelipa hana risiti, na asiye na risiti hana la kusema siku neno litakapobadilika.

Na lilibadilika. Wenye viwanja wengi wa Kiarabu walikuwa na madeni, karafuu inapanda na kushuka, na viwanja vikawekwa rehani kwa wafanya biashara wa Kihindi, vingine vikauzwa moja kwa moja. Wakf nao ukaingia mikononi mwa kamisheni ya serikali ya Waingereza, na kamisheni inataka hesabu. Mji ukakua, ardhi ikapata bei. Mwenye kiwanja mpya hamjui mjane wa mchukuzi, wala hakuwapo barazani siku ile. Anachokijua ni hati aliyoinunua. Alikuja Lanchester, mtaalamu wa Kiingereza wa mipango miji, akaandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1923, juu ya namna ya kuupanga mji wa Unguja. Wenye kujenga Ng'ambo walipata kodi ya kiwanja, ikawa inapanda.

Babu yangu hakuuza. Lakini na yeye alijifunza. Katika daftari lake, katikati, pale patupu panaanza kujaa rupia na pesa. Hakuna maelezo, hakuna "nimelazimika", hakuna kitu. Ukurasa mmoja patupu, ukurasa wa pili hesabu.

Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa. Haikuwa fujo ya siku moja, ulikuwa mgomo wa mitaa mizima, na wanawake walikuwamo kwa wingi kwa sababu wanawake wengi wa Ng'ambo walikuwa na nyumba zao wenyewe. (Mwaka huohuo ndio Siti binti Saad, naye mtu wa Ng'ambo, alikwenda Bombay kurikodi sahani zake. Vijana wetu wanaijua habari ya Siti, ya mgomo hawaijui.) Hoja yao ilikuwa rahisi: ardhi hii tulipewa tukae, hatukukodishwa. Hawakuwa na karatasi. Walikuwa na ukumbusho, na walikuwa wengi. Serikali ikawakamata baadhi, lakini mwisho ililazimika kutoa sheria ya kuzuia kodi za viwanja zisipandishwe ovyo. Yaani watu wa "holela" ndio walioiletea serikali sheria.

Katika daftari, mwaka 1346 wa Hijria, mbele ya majina kumi na moja babu ameandika neno moja: kagoma. Kagoma. Kagoma. Mwandiko wake mzuri, haukutetemeka. Jina la saba ni la mwanamke ninayemjua.

Hapa inabidi nisimame kwenye historia ya watu wote niingie ya kwetu. Mwanamke yule alikuwa mama yake Bibi aliyenilea. Bibi huyu hakuwa nasaba yetu. Alikuwa na nyumba yake juu ya kiwanja cha babu, Kisima Majongoo, aliyoirithi kwa mama yake, na alikuwa akija kwetu kila siku. Ndiye aliyenifundisha kutembea, ndiye aliyenifundisha Kiswahili hiki n'nachoandikia. Miaka yote ile hakunitajia hata siku moja kwamba mama yake alimgomea babu yangu. Na babu naye, nasikia, hakumfukuza mama yule. Walimaliza vipi, sijui kama palikuwa na maneno au palikuwa na kimya tu. Mwaka wa 1348 ameshaanza kulipa tena, kwa bei ya zamani.

Ya 1964 mnayajua. Ardhi yote ikatangazwa mali ya serikali, viwanja vya Ng'ambo pamoja. Kwa hati ya ami yangu huo ulikuwa mwisho. Kwa waliojenga, kodi ya kiwanja iliondoka, na nisiposema kwamba watu wengi walifurahi nitakuwa mwongo. Lakini haki ya maneno nayo haikubaki salama. Wajerumani wa Mashariki walileta mpango wao wa mwaka 1968, na Mzee Karume alitaka Unguja mpya, majumba marefu ya Michenzani yanayokutana kwenye mzunguko kama msalaba. Vibanda vikavunjwa kupisha majumba. Nyumba ya Bibi ilikuwa upande huo. Sehemu tu ya mpango ule mkubwa ilikuja kujengwa, na watu walioendelea kumiminika mjini wakajenga walikoweza, Mwanakwerekwe, Magogoni, Fuoni. Wenye eka tatu walizopewa na Mapinduzi walizikata viwanja wakauza, ingawa eka tatu kisheria haikuwa ya kuuzwa. Waliuziana vipi? Kwa mashahidi, na kwa neno la sheha. Mnaona? Miaka mia imepita, na bado mtu anapelekwa na mtu anayejulikana.

Sisi tuliondoka. Marehemu Sultan Said bin Taimur hakuwa na hamu ya kutupokea, kwa hiyo wengi wetu tulikwama Dubai, Kuwait, Cairo. Baada ya Julai 1970, Sultan Qaboos aliposhika nchi na kuwaita walio nje warudi, tukaja. Bibi alikuja na sisi, kwani hakuwa na nyumba tena wala mtoto wa kumwachia. Na hapo, jamani, ndipo nilipoiona Ng'ambo kwa mara ya pili, safari hii sisi ndio tukiomba kiwanja.

Tulikuwa hatuna karatasi za Oman. Wengi tulikuwa hatujawahi kuiona. Kiarabu chetu kilikuwa cha msahafuni. Ili uandikwe Muomani ilibidi uthibitishe kabila lako, na uthibitisho ulikuwa neno la sheikh wa kabila: huyu n'namjua, babu yake ni fulani bin fulani, alitoka kwetu hapa. Ami yangu alitupeleka kwa wazee Ibra, tukakaa majlisini, tende na kahawa, wazee wakahesabu mababu mpaka wakafika kwa mtu mmoja waliyemkumbuka, aliyesafiri akaacha mtende wake. Mtende bado upo. Basi tukawa watu. Sikumwona hata mmoja wa ndugu zangu aliyesema siku ile kwamba huo ni "utaratibu holela".

Kisha ikafika zamu ya Bibi, katika ofisi nisiyoitaja. Karani kamuuliza, wewe wa kabila gani? Bibi akajibu, kwa Kiswahili, "Mie wa Kisima Majongoo." Karani akacheka, na waliokuwa nyuma yetu kwenye foleni wakacheka, wengine wao Waunguja wenzetu. Ami hakucheka. Alisema: mwandike kwetu. Akaandikwa kwa jina la kabila letu, na baba yake Bibi, ambaye alikuwa na jina lake, hakuandikwa popote.

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi na bado sina uhakika nilihukumu vipi. Ami alimfanyia wema, bila ya neno lile Bibi angebaki bila nchi. Lakini alimwingiza kwa mlango uleule, "huyu ni mtu wangu". Marc Valeri, aliyeandika mwaka 2007 juu ya Waomani wanaosema Kiswahili, ameonyesha namna nasaba ilivyokuwa ufunguo wa kurudi. Kwa wenye ufunguo ni rahisi kusema nchi ilitupokea vizuri, na kwa kweli ilitupokea vizuri. Tuwaulize na wasiokuwa nao. Bibi alifariki Ibra, kazikwa Ibra. Mjukuu wake wa kumlea anauza vitambaa na udi kwenye soko la Jumatano, lile la wanawake, na ukipita karibu utasikia Kiswahili cha Ng'ambo safi kuliko changu.

Ndiyo maana nasitasita ninaposoma miradi ya kurasimisha. Tanzania mwaka 2004 ilianzisha MKURABITA, kwa mawazo ya Hernando de Soto wa Peru, kwamba maskini ana mali ila haina karatasi, mpe karatasi atakopesheka. Dar es Salaam ikatoa leseni za makazi. Sipingi karatasi, na 1928 imenifunza ubaya wa kutokuwa nayo. Swali langu ni la mwanahistoria tu: karatasi inapoandikwa, nani anaulizwa? Kwa sababu Ng'ambo hati ilikuwapo tangu zamani, nzuri, yenye mihuri, na haikuwa na jina hata moja la watu waliokuwa wakiishi pale. Majina yao yalikuwa katika daftari. Na Unguja ya leo mtu asiye na kitambulisho cha Mzanzibari anamtegemea sheha amtambue. Sheha asipomtambua je? Chaguzi zetu tangu 2005 zimejaa malalamiko hayo.

Vijana wa ami bado wanataka kujua kama hati inaweza kudaiwa. Nimewaambia ninavyoona: ardhi ni ya serikali tangu 1964, na juu ya kiwanja kile leo pana watu wengine. Mkubwa wao hakufurahi. Akaniuliza, "Kwa hiyo ami, hatuna kitu?" Nikamfungulia ukurasa wa kagoma nikamsomea majina yote kumi na moja. Alinyamaza, kisha akaniomba nimsomee tena lile la saba, kwani Bibi alimlea na yeye.

Mwaka 2019 lilitoka buku zuri la ramani na historia ya Ng'ambo, mtaa kwa mtaa, kazi ya watu wa Unguja pamoja na Waholanzi. Nimelipitia nikitafuta kiwanja chetu, nimekadiria tu kilipo. Daftari nimelinakili lote kwa herufi za Kirumi, majina na miaka, pamoja na kurasa patupu. Kwa idhini ya wanawe marehemu niko tayari kumpa nakala mtu yeyote ambaye wazee wake walikaa Kisima Majongoo au mitaa ya jirani kabla ya 1964. Kuna wengine kumi katika ukurasa ule, na wana wajukuu mahali fulani. Nitafurahi wakinijibu hapahapa.

Wasalaam.